Tofali Lililokunywa Maji

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Don Eleuterio Zermeño yuko juu ya jukwaa la mbao, mita tatu kutoka ardhini, kofia yake ya majani ameisukuma nyuma ya kichwa. Anachukua tofali moja kutoka kwenye ndoo iliyopandishwa kwa kamba. Analipuliza vumbi. Kisha anatoa ulimi na kuligusa.

Hivi ndivyo anavyoianza kila siku ya kazi, kwa zaidi ya miaka thelathini sasa, kabla ya kahawa na kabla ya salamu. Tofali likiung'ang'ania ulimi, ni kavu; anaitikia kwa kichwa na kazi inaanza.

Leo ulimi unateleza.

Anajaribu upande wa pili. Anachukua tofali jingine, kisha la tatu. Anatema mate pembeni na kuinama juu ya ukingo wa jukwaa.

"Nani amemwagia maji matofali yangu?"

Chini, binti yake María de la Cruz, ambaye mtaa mzima wa El Tepetate humwita Crucita, anasimamisha koleo ndani ya rojo la chokaa. Mjomba wake Nabor, mvuta ndoo na mtu wa maneno mengi, anaachia kamba.

"Mvua haijanyesha tangu mwezi wa kumi, shemeji," anasema Nabor. "Labda malaika wamejisaidia."

Hakuna anayecheka. Wote watatu wanatazama juu, kwenye kona ya mashariki, ambako jana waliongeza mistari tisa ya matofali.

Ni tarehe mbili Mei. Kesho ni sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, siku ya wajenzi, na hapa pembezoni mwa mji wa Lagos de Moreno hakuna jengo linaloruhusiwa kuiona siku hiyo bila msalaba wa maua kichwani. Chumba hiki ni cha kusomea cha shule ya msingi ya mtaa. Kina urefu wa mita sita na upana wa mita tano. Jumatatu, watoto thelathini na wawili watakaa chini ya kuba lake.

Kuba hilo halina nguzo ndani yake wala mbao chini yake. Linajengwa hewani, kuanzia pembe nne, tofali moja likiegemea jingine, hadi mistari ikutane katikati. Hakuna kinachoshikilia tofali linapowekwa isipokuwa rojo na tofali lenyewe.

"La ukuta unaliogesha kwanza, lishibe, lisikunywee rojo," anaeleza Crucita, mwenye miaka thelathini na minne, vidole vyake vyeupe kwa chokaa. "La kuba ni kinyume. La kuba lazima liwe na kiu. Ukilipaka rojo linanyonya papo hapo, linashika. Ukilishibisha, litakaa pale kwa adabu tu. Siku moja litachoka."

"Jana mchana tulihamia rundo la pili," anasema Don Eleuterio kutoka juu.

Anasema taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Jana asubuhi alionja rundo la kwanza, likawa kavu. Baada ya chakula, rundo hilo likaisha na wakaanza la pili. Matofali ya juu yalikuwa yameshapigwa na jua, na mkono haukuhisi chochote. Ulimi haukuulizwa.

Saa moja na nusu, gari dogo lenye vumbi linasimama nje. Anashuka Ximena Arriola, msanifu majengo mwenye miaka ishirini na tisa, aliyetoka jiji la Guadalajara miezi minne iliyopita na karatasi zake zimeviringwa chini ya kwapa. Anasalimia. Anakuta watu watatu wamesimama na hakuna mwiko unaogonga.

"Kuna nini?"

"Matofali yamekunywa maji, Injinia," anasema Nabor. Kwa Nabor, kila mwenye kofia ngumu ni injinia.

Ximena analitazama rundo la pili. Anaziweka karatasi chini, juu ya mfuko wa chokaa, na kuzinyoosha ingawa hazikuwa zimejikunja vibaya.

"Ni mimi," anasema.

Juzi jioni alibaki peke yake kupima madirisha. Akaliona rundo la pili limekauka kabisa, na mpira wa maji uko hapo hapo. Akakumbuka somo la mwaka wa pili chuoni: tofali huloweshwa kabla ya kujengwa. Akafungua bomba, akalinyeshea rundo zima kwa dakika ishirini.

"Nilidhani mmesahau," anasema. "Niliona aibu kumkumbusha mtu mzima kazi yake. Nikaona bora nifanye tu, kimya kimya."

"Kumbe malaika ana gari," anasema Nabor.

"Mjomba, nyamaza," anasema Crucita.

Don Eleuterio hamkemei msanifu. Ameinamisha kichwa upande, sikio la kushoto mbele, kama anavyofanya siku hizi kila mtu anapozungumza naye. Anamwomba arudie. Ximena anarudia yote, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

"Haya," anasema mzee. "Umesema mwenyewe. Wengine ningewatafuta mwaka mzima."

Kinachofuata ni mabishano ambayo yangeweza kuharibu mengi. Ximena anataka miti iletwe sasa hivi, kuba lishikiliwe kwa chini, kisha lichunguzwe polepole. Tayari ameshika simu. Don Eleuterio anakataa.

"Kuba likiegemea mti, linanyamaza," anasema. "Halikuambii kama ni zima au bovu. Siku utakapoondoa mti ndipo litasema, na siku hiyo watoto wako chini."

"Na likianguka leo?"

"Leo chini hakuna mtoto. Niko mimi."

"Ndiyo maana nauliza, Don Eleuterio."

Nabor na Crucita wamehamia kwenye rundo la pili, wanafukua matofali na kuyapanga: yenye unyevu huku, yanayoweza kuokolewa kule. Wanabishana kwa sauti ya chini. Crucita ameupa ukuta uso na jukwaa mgongo.

Juu, Don Eleuterio anageuza mwiko, anashika bapa, na kwa mpini wa mbao anagonga kuba kwenye kona ya mashariki. Mara tatu chini. Mara tatu juu. Anatazama upande wa binti yake. Anangoja kidogo.

"Ni zima," anatangaza. "Tutaendelea."

Hapo ndipo Crucita anapogeuka.

Anapangusa mikono kwenye aproni, taratibu, kila kidole. Anapanda ngazi. Hakuna aliyemwita. Anachukua mwiko mkononi mwa baba yake, anagonga pale pale.

Kwenye mistari minne ya chini, sauti ni kali na fupi, kama ya mtungi mkavu. Kuanzia wa tano inabadilika. Inakuwa nzito, ya kuzama, kama unagonga mkate.

"Mitano ya juu imelala, Baba."

"Nimegonga mimi."

"Najua."

"Nimesema ni zima."

"Nimesikia ulivyosema." Anagonga tena, chini, kisha juu. "Sikiliza."

Mzee anatazama mwiko, si kuba. Chini, Nabor ameshika tofali mkononi na amesahau kulipanga. Katika nyumba ya Zermeño binti habishani na baba mbele ya watu, na hasa si juu ya jukwaa, ambako neno ni la mwenye mwiko.

"Don Eleuterio," anasema Ximena kwa upole, "nimfuate nani?"

Mzee anageuza sikio la kushoto. Ximena anauliza tena.

Lori la kuuza gesi linapita barabarani na wimbo wake wa kuita wateja, linakwenda hadi mwisho wa mtaa, linarudi. Ndipo mzee anapoivua kofia, anaipiga pajani kutoa vumbi, anaivaa tena.

"Bomoeni mitano," anasema. Anashuka ngazi bila kumtazama mtu na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Nabor anapanda na nyundo ndogo. Haihitaji. Tofali la kwanza analoligusa linang'okea lote mkononi mwake, safi, bila hata punje ya chokaa ubavuni, kama yai linalotolewa kwenye kiota.

"Mama yangu," anasema.

Anamteremshia shemeji yake. Don Eleuterio analigeuza mara mbili. Anaupitishia kidole gumba ule ubavu uliopaswa kuwa na chokaa. Kisha analiweka kwenye mfuko wa aproni yake, na halitoi humo siku nzima.

Don Eleuterio alijifunza kazi hii kwa baba yake akiwa na miaka kumi na saba. Sasa ana sitini na moja. Alipooa, kuba lilikuwa halilipi, akavuka mpaka kwenda Texas, akakata mawe ya sakafu kwa mashine kwa miaka kumi na mmoja. Alirudi na lori, fedha za kujengea nyumba, na tabia ya kusema kwa sauti kubwa.

Leo anatoza peso 520 kwa mita ya mraba, na fedha hiyo inagawanywa kwa watatu. Mwaka jana alifunga makuba kumi na moja. Miaka ishirini iliyopita yalikuwa thelathini. Majirani wengi siku hizi wanapenda paa la zege: linamwagwa kwa siku moja, ndugu wote wanakuja kubeba ndoo, na nondo zinaachwa zimechomoza juu zikisubiri ghorofa ya kijana atakayeoa.

"Siwalaumu," anasema. "Paa la zege unaweza kulipanda juu. Kuba halina nafasi ya mkwe."

Crucita alianza kukoroga rojo akiwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa tarehe tatu Mei, ndiyo maana akapewa jina la Cruz, yaani msalaba, na tangu hapo sikukuu yake haijawahi kuwa yake peke yake. Kwenye mikataba yeye ni msaidizi. Kuba moja tu amelijenga kwa mkono wake kuanzia pembe hadi katikati, la jiko lake mwenyewe, wakati baba yake amelazwa kwa ugonjwa wa kibofu cha nyongo.

"Aliporudi alilitazama, akaomba maharage," anasema Crucita. "Hakusema kitu. Alikula mabakuli mawili."

Anacheka kidogo, kisha anaacha.

"Ningependa siku moja mteja abishe hodi, aulize kama nipo mimi. Si 'baba yako yupo?' Mimi."

Adhuhuri hakuna anayekula vizuri. Gorditas, mikate minene ya mahindi yenye nyama, zinapoa ndani ya kitambaa. Mfyatua matofali wa kijiji jirani ameleta mzigo mpya, matofali mia nne, na Crucita ameyatandaza juu ya mabati juani. Kila nusu saa anachukua moja na kuligusa kwa ulimi. Saa nane na robo linamshika. Analichomoa ulimini na kumwonyesha baba yake, naye anaitikia kwa kichwa.

Ximena amekaa kivulini na ramani yake. Mahali pa kuba pana duara moja la nukta na maneno matatu: *kama fundi atakavyoona*. Ofisini kwake walimcheka. Mhandisi mmoja alimwuliza kama anataka kwenda jela kwa ajili ya nukta.

"Sisi tunaamini karatasi kwanza, halafu tunatafuta mtu wa kuitii," anasema. "Hapa wanaamini ulimi na sikio, na karatasi ikipenda ifuate. Niliyajua hayo. Nimeyaandikia hata insha. Halafu nikafungua bomba."

Kosa lake, anasema, halikuwa maji. Ni kutouliza. Na hakuuliza kwa sababu alidhani heshima ni kunyamaza.

Crucita, anayepita na ndoo, anasimama kidogo anaposikia hilo. Kisha anaendelea na safari yake.

Wanajenga upya mistari mitano hadi jua linapozama. Hawazungumzi zaidi ya lazima: rojo, tofali, kamba, ngoja.

Tarehe tatu, saa saba mchana, sufuria kubwa ya shaba inachemka uani na nyama ya nguruwe ndani yake. Wazazi wameleta tortilla, chapati za mahindi, kwenye vikapu. Nabor ametengeneza msalaba wa mbao na kuuvika maua ya karatasi, waridi na manjano, na fataki mbili zimefungwa kwenye uzio zikisubiri. Kwenye mkono wa msalaba ameandika kwa rangi majina ya waliojenga. Yapo mawili, lake na la shemeji yake. Baada ya hayo ameacha nafasi, na alipoulizwa nafasi hiyo ni ya nini, alisema rangi ilikuwa inakwisha.

Juu, baada ya kazi ya asubuhi nzima, kumebaki tundu lenye ukubwa wa kofia. Kupitia humo kipande cha jua kinaangukia sakafuni.

Desturi ni ileile kila mahali hapa. Fundi huweka tofali la mwisho. Hugonga mara tatu. Husikiliza. Akisema *linaimba*, wenye nyumba wanaingia chini ya kuba, wa kwanza wao akiwa mkubwa wa jengo. Asiposema, hakuna anayevuka kizingiti.

Mwalimu mkuu, Obdulia Padilla, amesimama mlangoni na shali yake nzuri, mguu mmoja karibu na kizingiti. Nyuma yake ni wazazi, na nyuma ya wazazi ni watoto wanaoambiwa wasisukumane. Habari za jana zimeshazunguka mtaani. Hakuna mzazi asiyejua kwamba mistari mitano ilibomolewa.

Don Eleuterio anaonja tofali la mwisho. Analipaka rojo, analisukuma mahali pake kwa kiganja na kulishikilia, midomo yake ikihesabu. Anaachia. Linakaa. Kipande cha jua sakafuni kimetoweka.

Anageuza mwiko. Anagonga mara tatu.

Nyama inachemka. Mzee amesimama jukwaani chini ya kuba, mkono hewani, na hasemi.

Mwalimu Obdulia anaurudisha mguu wake nyuma.

"Shemeji," ananong'ona Nabor, "watu wana njaa."

Bado hasemi. Amemtazama binti yake, aliye karibu na ngazi, na uso wa Crucita umetulia, kitu kidogo kikisogea pembeni mwa mdomo. Ni ishara ndogo ambayo mtu asiyeizoea asingeiona. Mzee ameiona. Angeweza kusema neno lake sasa na siku ingeendelea.

"Cruz," anasema. "Panda."

Crucita anapanda. Anampa mwiko.

"Gonga."

Anagonga mara tatu, kisha kwa hiari yake anatembea jukwaani hadi kona ya mashariki na kugonga huko pia, mstari kwa mstari, hadi wa tisa. Anarudi. Anasubiri, kama alivyosubiri maisha yake yote, baba yake aseme.

"Sema wewe," anasema Don Eleuterio.

"Baba, watu wanakusubiri wewe."

Mzee anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni. Anatoa tofali la jana na kulinyanyua ili walio mlangoni walione, ubavu wake msafi umewaelekea.

"Hili nililigonga jana," anasema, na kwa kuwa siku zote husema kwa sauti kubwa, hata watoto wa nyuma wanasikia. "Nikasema zima. Liling'okea mkononi mwa Nabor kama jino bovu."

Hakuna anayesogea.

"Sikio la kulia lilikufa Texas. La kushoto linalifuata. Miaka miwili sasa sijasikia kuba hata moja."

Mama mmoja anashika bega la mwanaye. "Na la jikoni kwangu, Don Eleuterio?" anauliza. "Ulisema linaimba."

Anamwomba arudie. Mama anarudia.

"Lako linaimba, Doña Licha. Yote yanaimba. Nilipokuwa nagonga, nilikuwa namtazama huyu hapa. Akitulia hivi, nasema linaimba. Akiinamisha macho, nasema turudie." Anamgeukia binti yake, na kwa mara ya kwanza kwa siku mbili sauti yake inashuka, karibu isisikike. "Nilikuwa nasikia usoni mwako, mwanangu. Jana ulinipa mgongo, nikabahatisha. Ningewaua watoto wa watu kwa kuona haya."

Crucita anautazama mwiko. Machozi yanamtoka, naye anayapangusa kwa nyuma ya mkono na kujipaka chokaa shavuni.

"Nilijua, Baba," anasema. "Niliona aibu kukuambia."

"Haya. Tumeambiana." Mzee anaweka tofali chini, kwenye ubao, na kuivua kofia. Kisha anawageukia watu. "Msiniulize mimi tena. Fundi ni huyu."

Mlangoni, Mwalimu Obdulia anavuta shali yake. Anamtazama mzee, kisha anaondoa macho kwake na kuyapandisha kwa mwanamke mwenye chokaa usoni.

"Fundi," anauliza, "tuingie?"

Crucita anainua mwiko, anagonga mara moja zaidi katikati ya kuba, juu kabisa, mahali palipokuwa na jua. Anasikiliza hadi sauti inakwisha yote.

"Linaimba," anasema. "Ingieni."